Amina 61 na Mitungi Miwili ya Maji

Jumanne iliyopita, saa mbili kasorobo usiku, dada mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani hapa Kisauni, Mombasa, aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp. Hakuzunguka mbuyu. Alisema mumewe, kibarua wa kupakua mizigo, aliangukiwa na magunia wiki tatu zilizopita, mguu umefungwa plasta na hawezi kusimama. Kodi ya chumba imefika na haijalipwa. Watoto walikunywa chai ya rangi asubuhi, na tangu hapo hawajatia kitu kinywani. Akamalizia: "Naomba mnikumbuke, wapendwa."

Nimeyahesabu majibu. Kufikia saa nne yalikuwa 61. Amina. Mungu wetu si kiziwi. Tunasimama nawe, dada. Atatenda. Mikono ya maombi, safu baada ya safu. Mmoja alituma sauti ya dakika tatu, maombi mazito yenye machozi ndani yake, na ninaamini machozi yale yalikuwa ya kweli. Mimi niliandika, "Tuko pamoja, dada." Kisha nikatia simu chaji, nikala wali wangu na samaki wa nazi, nikalala. Kwenye M-Pesa nilikuwa na shilingi 1,840. Ninakumbuka kwa sababu niliangalia salio kabla ya kuzima taa, nikipiga hesabu ya tokeni za stima.

Kutoka kwangu hadi kwake ni dakika kumi na mbili kwa miguu.

Ijumaa ndiyo nilikwenda, na nisijisifu kwa hilo. Nilikuwa nagawa bahasha za mchango wa ujenzi wa kanisa, na jina lake lilikuwa kwenye orodha niliyopewa. Yaani siku ya tatu tangu mtu aseme watoto wake hawajala, mguu wa kwanza wa kanisa kukanyaga kizingiti chake ulikuwa umebeba bahasha tupu ya kujazwa naye. Nimekaa na jambo hili siku tatu mfululizo na bado linanichoma.

Ila nilikosea kudhani mguu wangu ulikuwa wa kwanza. Ndani ya kile chumba kimoja nilimkuta bibi mmoja wa kanisa letu, muuza mboga, ameketi juu ya mbuzi wa kukunia nazi. Jikoni pale penye kona kulikuwa na sufuria ya mbaazi inatokota juu ya makaa. Kando ya mlango, mitungi miwili ya maji imejaa hadi shingoni. Nguo za watoto zilikuwa kambani, zimefuliwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Pita, ila usiukanyage mkeka, bado mbichi."

Bibi huyu hayumo kwenye kundi letu. Simu yake ni kabambe, ya kupiga na kupokea. Nikamuuliza alijuaje habari za nyumba hii.

"Niliambiwa pale bombani Jumatano, nikaona nije."

Basi. Hakuongeza neno, akarudi kwenye nazi yake. Alikuwa amekuja Jumatano, akaja Alhamisi, na Ijumaa ndiyo hiyo. Hakuwa na njia ya kutuma alama ya mikono ya maombi. Alichokuwa nacho ni miguu yenyewe, na ndiyo aliyoituma.

Mtume Yakobo alituona sisi watu 61 tangu zamani. Ameandika juu ya ndugu aliye uchi na kupungukiwa na riziki, kisha mtu wa kwenu anamwambia, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," bila kumpa mahitaji ya mwili. Anauliza: yafaa nini? Mara ngapi nimesikia andiko hilo likihubiriwa, na kila mara nilidhani linawasema watu wakorofi, wenye mioyo ya mawe. Si hivyo. Maneno ya yule mtu ni mazuri. Ni baraka. Anamtakia mwenzake amani, moto na shibe. Ubaya wake ni kwamba baraka ile imekaa mahali pa mkate, na aliyeitamka ameondoka akijihisi ametimiza wajibu.

Sisemi maombi hayana kazi. Ninaomba, na nitaendelea kuomba. Lakini mtu anapomlilia Mungu amlishe jirani, hali unga umo kabatini mwake mwenyewe, jibu limekwisha kutolewa na limewekwa mikononi mwake. Anachoendelea kukifanya baada ya hapo ni kuchelewesha.

Ukisoma Mathayo 25 polepole utaona Bwana anavyochagua maneno. Nalikuwa na njaa, mkanipa chakula. Nalikuwa mgeni, mkanikaribisha. Nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama. Nalikuwa kifungoni, mkanijia. Hakuna hata tendo moja hapo linaloweza kufanywa na mtu aliyekaa kwake. Gereza la Shimo la Tewa liko hapo mbele ya Shanzu, matatu moja tu kutoka kwetu. Katika ushirika wetu, nimeuliza Jumapili hii, aliyewahi kuingia pale kumwona mfungwa asiye ndugu yake ni mmoja.

Na yule Msamaria wa Luka 10, ambaye tunampenda sana kwa sababu tunamsimulia kwa haraka. Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Maana yake yeye mwenyewe alitembea, kwenye njia ile ile yenye wanyang'anyi. Alilala pale nyumba ya wageni akimtunza. Kesho yake akatoa dinari mbili. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, ndivyo tunavyouona katika mfano wa shamba la mizabibu. Ni mshahara wa siku mbili, basi. Hata kibarua wa hapa kwetu anaweza kuutoa kwa kujibana. Kizito ni kile alichosema kabla ya kuondoka: ukigharimu zaidi, nitakaporudi nitakulipa. Nitakaporudi! Alijifunga na jambo lisilo na kiwango wala tarehe ya mwisho. Hapo ndipo wengi wetu tunapomwacha. Tuko tayari kutoa Krismasi, unga na mafuta ya kupikia, tukipiga picha mbele ya bango la kanisa. Kurudi Januari, wakati hakuna bango na mgonjwa ameanza kuwa msumbufu na mwenye manung'uniko, hapo tunagundua kwamba tuna shughuli.

Mnisamehe nikienda mbali kidogo. Kila siku makanga wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" na sisi tunashuka, tunavuka barabara, tunaipita kengele yenyewe bila kuinua macho. Kengele ile iliwekwa kuwaonya watu kwamba wakamata watumwa wanakuja. Frere Town, mtaa wenye kengele hiyo, ilianzishwa na misheni ya Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, miaka miwili tu baada ya soko la Unguja kufungwa. Wakazi wake walikuwa watu wa makabila ya mbali huko bara, wasiojua tena kwao ni wapi, na hapa ndipo walipoanza upya.

Lakini habari inayonigusa zaidi ni ya Rabai, huko huko karibu. William Jones alikuwa mtumwa utotoni, akaokolewa, akalelewa na wamisheni kule Nasik, India, akarudi pwani hii, na mwaka 1885 yeye na mwenzake Ishmael Semler wakawekewa mikono na Askofu Hannington. Wakati huo watoro walikuwa wakikimbilia Rabai kutoka mashambani kwa mabwana zao. Sheria ilimhesabu mtoro kuwa mali ya mtu, na wakubwa wa misheni walikuwa wameonywa wasipokee watu kama hao. Jones aliwapokea. Angewarudishaje, naye alijua kamba ilivyo? Watoro walijenga vibanda, wakalima, wakaingia kanisani, hadi mabwana walipokuja juu na mji ukakaribia kuwaka. Mwanzoni mwa 1889 ikabidi Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani, alipe fidia kwa mabwana, na watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru. Najua kampuni ilikuwa na hesabu zake. Ilitaka mji utulie ili biashara iende. Sawa. Lakini hati zile zisingekuwepo kama kwanza hapangekuwa na mtu wa kufungua mlango usiku, mtoro mmoja baada ya mwingine, kabla ya fidia kutajwa na yeyote.

Makanisa yetu ya upande huu yamezaliwa humo. Babu za baadhi ya waliojibu "Amina" Jumanne ile waliingia Ukristo kwa sababu kuna mtu aliyewafungulia mlango kwa hasara yake. Sasa sisi tunaona tabu kutembea dakika kumi na mbili.

Ninajua neno "utii" limekuwa chungu hapa pwani. Tangu Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa kule Shakahola na idadi ya miili kupita 400, mtu akisema "mtii Mungu" msikilizaji anatazama mlango uko wapi. Ana haki. Watu waliambiwa kufunga hadi kufa ni kumtii Kristo, na watoto wakanyimwa chakula kwa jina lake. Siwezi kuliandika hili bila mkono kutetemeka. Lakini ndiyo maana sikubali neno lile tuwaachie waliofundisha hivyo. Amri aliyoitoa Bwana mwenyewe inasema njaa ikitokea, lisha. Kiu ikitokea, nywesha. Yeyote anayekuambia utii ni kumnyima mtoto chakula amekwisha kukuonyesha kwamba anamtumikia mwingine. Na utii wa kweli una alama ambayo hata mtoto anaiona: gharama yake inamwangukia anayetii, na faida yake inamwangukia jirani.

Kuna watakaosema matapeli ni wengi. Ni kweli, wapo. Nenda basi nyumbani kwa mtu, utaona kwa macho yako kama sufuria ni tupu.

Kuna watakaosema pia kwamba kanisa lina kamati ya huruma, na mambo yafanywe kwa utaratibu. Nakubali, ingawa kwa shingo upande. Kamati zimelipa karo, zimezika watu, na wanawake wa Mothers' Union nawavulia kofia. Hata bahasha za ujenzi sizipingi. Paa letu linavuja na masika yanapokuja tunahamisha viti. Ila kamati ya huruma hukutana Jumapili ya mwisho wa mwezi, na watoto wale waliona njaa Jumanne. Kamati haiwezi kutii kwa niaba yangu, sawasawa na vile haiwezi kutubu kwa niaba yangu.

Siku za Ijumaa, ukipita madukani Mwembe Tayari, utaona maskini wakipita mlango hadi mlango, na wenye maduka, Waislamu wengi wao, wameshaweka sarafu tayari kwenye kikopo. Hakuna hotuba. Mkono unatoka, mkono unapokea, "Mungu akubariki," na mteja anaendelea kupimiwa sukari. Wapo wanaobeza kwamba ni shilingi kumi kumi tu. Mimi naona mtu aliyekwisha kuamua tangu asubuhi kwamba leo atatoa, hata kabla hajajua ni nani atakayesimama mlangoni. Natamani niwe na kikopo cha namna hiyo moyoni mwangu.

Ijumaa ile bahasha ilibaki mfukoni mwangu. Nilitoa nilichokuwa nacho, nusu ya kodi haikufika. Dada yule alipokea kwa mikono miwili na hakunitazama usoni, nami nilijua kwa nini: alikuwa amesoma "Tuko pamoja" yangu tangu Jumanne. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Si neno, ndugu," lakini kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Nilipoaga, bibi alinisindikiza hadi nje. Hakunikemea. Alinionyesha tu ile mitungi kwa kidevu, akasema, "Maji haya yatafika Jumapili, mwanangu. Jumatatu mimi nina mzigo Kongowea alfajiri. Njoo wewe."

Leo ni Jumatatu. Nimefika saa moja asubuhi, bomba lilikuwa kavu, nikanunua kwa mwenye mkokoteni na kubeba mwenyewe kutoka barabarani, mtungi mmoja kila safari, kwa sababu kichochoro ni chembamba. Mume wa dada alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya kiti. Hatukuwa na mengi ya kuzungumza. Kisha akaniuliza kama Alhamisi nina nafasi. Ana miadi ya kuangaliwa mguu, na hospitali ina ngazi nyingi, mkewe hawezi kumhimili peke yake. Nimemwambia nitafika na tuktuk saa kumi na mbili.