Skenes Siku Moja, Dua Siku Nne

Haya, Machi 2025 hiyo, baridi ya Pittsburgh bado haijaamua kama inaondoka au inahamia jumla, na sisi mashabiki wa Pirates, timu ya besiboli ya hapa, tumeshaanza ule ugonjwa wetu wa kila mwaka wa kusema "safari hii huenda". Huenda nini? Ubingwa wa mwisho tuliuchukua 1979. Mechi ya mwisho ya mtoano tulicheza 2015, na nikisema mechi ni mechi, haina wingi: tulishinda 98 msimu mzima, tukapewa mchezo mmoja wa kufa na kupona dhidi ya Cubs, tukafa. Kabla ya hapo, kuanzia 1993 hadi 2012, ni misimu 20 mfululizo ya kufungwa zaidi ya kushinda. Kuna watu walizaliwa, wakasoma, wakaoa, wakaanza kudaiwa kodi, hawajawahi kuona timu yao ikimaliza juu ya nusu.

Tuanze na cha kujivunia, maana ni kimoja na hakitachukua muda. Paul Skenes, mrushaji wetu, miaka 22, urefu mita 1.98. Mpira wake wa nguvu unakaribia kilomita 160 kwa saa. Kisha ana mwingine, splinka, unaotoka mkononi ukifanana kabisa na wa kwanza, kasi kama 150 hivi, halafu ukifika kwa mpigaji unazama. Jamaa anabaki amepiga hewa, anaitazama fimbo yake utadhani imetobolewa. Mwaka jana aliitwa ligi kuu mwezi Mei tu, akaanza mechi 23, akawatoa wapigaji 170 kwa straiki tatu tatu, na kwa kila inningi 9, yaani vipindi vya mechi nzima, aliruhusu wastani wa mikimbio (ndizo pointi zenyewe) 1.96. Wakampa tuzo ya chipukizi bora wa National League, nusu yetu ya ligi kuu. Hapo hatuna neno.

Sasa shika kalamu tupige hesabu. Msimu una mechi 162. Mrushaji wa kuanza hutupa mipira 90 hadi 100 siku ya zamu yake, kisha mkono unapumzishwa siku nne, saa nyingine tano. Kwa hiyo hata kama Mungu atamlinda asipate hata mafua, Skenes ataanza mechi 32, ikizidi sana 33. Zinabaki karibu 130. Za nani hizo? Mitch Keller, sawa, mtu wa kazi. Jared Jones alikuwa ndiye tegemeo la pili, kiwiko kimeanza kumuuma mwezi huu huu, ameambiwa asirushe chochote kwa wiki sita. Na kiwiko cha mrushaji ukishasikia "wiki sita" unajua mwisho wake ni kisu, madaktari wanachelewesha tu kutaja tarehe. Andrew Heaney tumemchukua kwa dola milioni 5.25, anatumia mkono wa kushoto na hapendi makuu. Basi.

Lakini shida yetu hasa si kurusha. Shida ni fimbo. Mrushaji anaweza kumnyima mpinzani mikimbio yote, lakini hakuna sheria inayompa yeye hata mmoja. Mikimbio inaletwa na wapigaji, na wapigaji wananunuliwa, na kununua ndiko kunakotushinda. Tumalize dirisha la baridi haraka haraka: Andrew McCutchen, miaka 38, milioni 5. Tommy Pham, 37, milioni 4.025. Adam Frazier, ambaye tuliwahi kumuuza wenyewe, karudi kwa milioni 1.525. Jumlisha hao watatu na Heaney, unapata milioni 15.8. Juan Soto peke yake amesaini na Mets milioni 765 kwa miaka 15, yaani 51 kwa mwaka. Hao wanne wote hawafiki hata theluthi ya mwaka mmoja wa Soto! McCutchen simgusi, huyo ni mzee wetu, mchezaji bora wa ligi wa 2013, akitoka uwanjani tunasimama. Ila kumheshimu mzee si lazima umbebeshe magunia.

Na uwanja wenyewe una masharti. PNC Park ni mzuri, mto Allegheny uko pale, daraja la Clemente lile pale, picha utapiga mpaka simu ilie njaa. Ila upande wa kushoto-kati ukuta uko futi 410, mita 125. Mpigaji wa mkono wa kulia, ambaye nguvu zake huelekea huko kushoto, anaupiga mpira vizuri, anaanza kutembea kwa madaha, na mdakaji wa mbali anaupokea bila jasho. Kulia ndiko karibu, futi 320, japo ukuta una urefu wa futi 21, kwa heshima ya jezi namba 21 ya Roberto Clemente, gwiji wetu wa zamani. Maana yake, mtu mwenye akili ananunua wapigaji wa mkono wa kushoto. Sisi tukamleta Pham, wa kulia! Aliyekuwa jibu ni Spencer Horwitz, wa kushoto, wa kituo cha kwanza. Tulimtoa Luis Ortiz, mrushaji mzima, pamoja na vijana wawili. Februari Horwitz akafanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono. Kituo cha kwanza sasa anajaribiwa mpaka Endy Rodríguez, mdakaji wa nyuma ya mpigaji, aliyekosa msimu uliopita kwa kiwiko chake mwenyewe. Huko ni kupanga timu au kufunika ndoo zinazovuja?

Oneil Cruz ndiye ninayemtegemea, mita 2.01, akiugusa mpira unapiga kelele. Bahati mbaya hewa anaigusa pia, tena mara nyingi. Na mwezi Agosti walimhamisha kutoka mlinzi wa ndani kwenda uwanja wa kati, bado anajifunza njia za kule.

Sasa fedha, hapa nipeni maji. Besiboli haina kikomo cha mishahara. Dodgers wanalipa zaidi ya milioni 300, sisi hatufiki 100. Lakini msiniambie hatuna kitu: kila timu inaweka asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye kapu moja, linagawanywa sawa kwa timu zote 30, na masokoni kama kwetu linarudi limenona. Bob Nutting ndiye mmiliki mkuu tangu 2007, na wimbo wa "uza timu" jukwaani unaimbwa kwa sauti nne.

Skenes mwenyewe mwaka huu analipwa dola 875,000. Kadi yake, ile ya pekee yenye kipande cha jezi ya mechi yake ya kwanza, imeuzwa mnadani mwezi huu kwa milioni 1.11. Karatasi inamzidi mwenyewe mshahara! Na klabu ilikuwa imemwahidi mtoto aliyeipata kwamba akiwapa kadi hiyo, watampa tiketi mbili za msimu kwa miaka 30. Miaka 30 ya kutuangalia sisi. Familia ikachagua mnada.

Mchezaji anakuwa huru baada ya miaka sita ya utumishi. Ile tuzo ya chipukizi imemfanya Skenes ahesabiwe mwaka mzima wa 2024, japo aliingia Mei, hivyo tunaye mpaka mwisho wa 2029. Gerrit Cole tulimuuza Januari 2018; kufika Desemba 2019 Yankees wakampa milioni 324. Hesabu ile ile inakuja.

Ubashiri: 2023 tulishinda 76, 2024 tukashinda 76. Naweka 76, na anayetaka kubishana alete fimbo. Tunaanza Miami tarehe 27, Skenes anarusha, tazameni mpaka inningi ya sita. Zikifika za mwisho anaingia David Bednar, kijana wa hapa hapa, ambaye mwaka jana wastani wake wa mikimbio ulikuwa 5.77, hapo kila mtu na presha yake. Na mnaokimbilia tiketi za ufunguzi wa nyumbani tarehe 4 Aprili dhidi ya Yankees, hesabuni vidole kwanza: zamu ya pili ya Skenes inaangukia Tampa siku mbili kabla. Mtalipa bei ya ufunguzi, mtavaa makoti mawili, na Skenes mtamwona yuko benchi anatafuna mbegu.