Safari ya Kwanza Japani: Punguza Miji, Shuka Nagoya

Ratiba za Japani ninazotumiwa WhatsApp zinafanana mno, hadi unadhani zimetoka kiwanda kimoja. Tokyo, Hakone, Kanazawa, Kyoto, Nara, Osaka, Hiroshima, halafu kurudi Tokyo kupanda ndege, yote hayo ndani ya siku kumi. Chini kabisa kuna swali: "Sapporo nayo niichomeke wapi?" Jibu langu ni fupi na wengi hawalipendi. Futa nusu.

Sina ugomvi na miji hiyo, nina ugomvi na hesabu yake. Hoteli nyingi za Japani zinataka utoke saa nne au saa tano asubuhi, na ile unayoiendea haikupi ufunguo kabla ya saa tisa alasiri. Hapo katikati huna kwako. Unazunguka na sanduku, au unatafuta kabati la kuhifadhia mizigo kwa sarafu stesheni na kukuta yote yameshachukuliwa. Hata kama safari ya treni yenyewe inachukua muda wa saa mbili, kuhama mji kunakumega nusu siku. Ukihama mara sita, siku tatu zimekwenda kwenye kufunga na kufungua mabegi, na hizo siku umezilipia.

Watu hawaioni gharama hiyo kwa sababu treni za Japani ni nzuri kupita kiasi. Shinkansen ya Tokaido, treni ya mwendokasi kati ya Tokyo na Osaka, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo. Leo treni ya Nozomi inakutoa Tokyo na kukufikisha Osaka kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, nyingine inafuata dakika chache baadaye, na nyingine tena. Ukiona ramani yenye urahisi huo, kila mji unakuwa jirani. Vidole vinaanza kuongeza majina.

Kuna na ile pasi ya reli ya watalii, Japan Rail Pass, ambayo bado inapigiwa debe kana kwamba hakuna kilichobadilika. Hadi 2023 pasi ya siku saba ilikuwa yen 29,650, na ilikuwa haki kuisifu. Oktoba mwaka huo ikapanda hadi yen 50,000. Sasa fanya hesabu ya safari ninayoipendekeza mimi: Tokyo hadi Nagoya karibu yen 11,300, Nagoya hadi Osaka karibu 6,700, Osaka na Hiroshima kwenda na kurudi karibu 21,500. Jumla haifiki 40,000. Tena mwenye pasi akitaka kupanda Nozomi, anaongezewa malipo. (Kwa Wakenya hesabu ni nyepesi, yen moja kwa sasa ni pungufu kidogo ya shilingi yao. Sisi wa Tanzania tutafute kikokotoo.) Ubaya mkubwa wa pasi siyo hata bei. Ukishainunua unajiona umepata hasara kila siku ambayo hukupanda treni, kwa hiyo unazunguka nchi ili kuirudisha hela.

Kwa siku kumi mimi ningelala Tokyo mara nne, Nagoya mara moja, Osaka mara tatu, Hiroshima mara moja, basi. Na nisingerudi Tokyo. Ndege kubwa za Ghuba zinatua Tokyo na pia Osaka, uwanja wa Kansai, kwa hiyo omba tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Mara nyingi nauli haitofautiani sana, na umejiokolea siku nzima ya kurudi nyuma.

Tokyo sitaiongelea sana, imeshaongelewa. Neno langu ni kwamba usiipange kwa vivutio, ipange kwa stesheni. Reli ya Yamanote inazunguka katikati ya jiji ikiwa na stesheni 30, mzunguko mzima ni kama saa moja, na karibu kila stesheni ina mtaa wenye tabia yake. Chagua stesheni mbili kwa siku, tembea kwa miguu baina yake, potea kidogo. Lala Ueno au jirani zake: treni ya Skyliner inakuleta hapo kutoka uwanja wa Narita kwa dakika zisizozidi 45, hekalu la Senso-ji la Asakusa liko karibu, soko la Ameyoko liko chini ya reli na wauza samaki wake bado wanaita wateja kwa sauti, na ukivuka makaburi ya Yanaka unaingia kwenye vichochoro vya zamani vilivyonusurika mabomu ya vita. Shinjuku nenda jioni, kisha rudi ukalale kwenye utulivu. Stesheni ile inapitisha watu zaidi ya milioni tatu kwa siku, na mwenye sanduku zito hana raha humo.

Sasa Nagoya. Vitabu vya safari vinaupita mji huu kama treni isiyosimama, ingawa kwa kweli Nozomi zote zinasimama hapo. Wazungu wanasema haina haiba. Labda kwao. Mimi nasema Mwafrika Mashariki anayekwenda Japani bila kushuka Nagoya ameacha kutembelea ukweni. Gari unalopanda kwenda kazini, lililokupeleka hospitali kuzaliwa, lililobeba maharusi na lililobeba jeneza, asili yake ni mkoa huu wa Aichi, nyumbani kwa Toyota. Noah, IST, Probox, Hiace, orodha unaijua. Unaijua pia ile sauti ya mwanamke inayokusalimia kwa Kijapani ukiwasha gari na kulalamika kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara. Miaka nenda rudi anadai kadi hiyo Mbagala na Kayole, hakuna anayempa.

Stesheni moja tu kutoka Nagoya kwa reli ya Meitetsu, mahali panaitwa Sako, kuna makumbusho ya Toyota ya viwanda na teknolojia, ndani ya majengo ya matofali mekundu ya kilichokuwa kiwanda cha nguo. Wengi wanaoingia wanategemea magari, wanakutana kwanza na uzi. Toyota ilianzia kwenye mashine za kufuma. Sakichi Toyoda alikamilisha mashine yake ya kufuma inayojiendesha mwaka 1924, yenye uwezo wa kusimama yenyewe uzi unapokatika, na mwaka 1929 haki za mashine hiyo ziliuzwa kwa kampuni ya Uingereza, Platt Brothers. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeigeukia injini, na gari lao la kwanza la abiria, Model AA, likatoka mwaka 1936. Mle ndani wafanyakazi wanaziwasha mashine za zamani mbele yako, na kelele zake unazisikia kifuani. Nilisimama pale nikiwaza khanga. Wazee wa pwani wanakumbuka zama ambazo khanga nyingi zilizofika Mombasa, Unguja na Dar zilikuwa zimechapwa Japani. Kwa hiyo biashara yetu na nchi hii ilianza na mavazi ya mama zetu kabla haijafika kwenye Noah. Hakuna hekalu la Kyoto litakalokupa hilo.

Ukitoka hapo kula hitsumabushi, samaki aina ya mkunga aliyechomwa, juu ya wali, chakula cha mji huo. Bei yake si ya mchezo. Kula hata hivyo.

Ushauri wangu kuhusu Kyoto umeshanigombanisha na watu: nenda, ila usilale. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36, na inaonekana wote walipitia Kyoto kabla ya saa sita mchana. Vyumba ni ghali, mabasi yamejaa hadi wenyeji wanakosa nafasi, na mtaa wa Gion umelazimika kuweka mabango yanayozuia watalii kuingia vichochoro binafsi, faini yen 10,000. Treni ya kawaida ya haraka kutoka Osaka inakufikisha kwa nusu saa kwa nauli isiyofika yen 1,000. Lala Osaka, amka alfajiri, uwe kwenye hekalu la Fushimi Inari saa kumi na mbili asubuhi. Pale hakuna geti wala kiingilio, pako wazi usiku na mchana, na maelfu ya milango myekundu inayopanda mlima utayapita ukiwa karibu peke yako. Saa nne mabasi ya watalii yakifika wewe unateremka kutafuta chai. Siku nyingine nenda Nara kwa Buddha mkubwa wa hekalu la Todai-ji na wale paa wanaowainamia wageni ili wapewe biskuti. Ficha ratiba yako, wanakula karatasi.

Osaka yenyewe ni mji wa kula na kuongea kwa sauti, mtu wa pwani atajisikia nyumbani Dotonbori. Ila takoyaki, yale madonge ya unga yanayosifiwa, yana kipande cha pweza kidogo cha kusikitisha. Aliyezoea pweza wa Forodhani ataanza kumtafuta.

Hiroshima ndiyo sehemu ya safari ambayo nakataa kabisa ifanywe kwa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Makumbusho ya Amani yanaingiwa kwa yen 200, na huwezi kutoka mle ukakimbilia treni. Kuna saa za mkononi zilizosimama saa mbili na robo asubuhi, tarehe 6 Agosti 1945, Marekani ilipouangushia mji huo bomu la atomiki. Kuna baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wa miaka mitatu, imeungua. Na mgeni anayetoka upande wetu anabeba jambo lingine ambalo wengi hawalijui: sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya Wakongo, katika jimbo ambalo Kiswahili ndiyo lugha ya mgodini na sokoni. Tani zaidi ya elfu moja za mawe hayo zilikuwa zimeshawekwa ghalani New York hata kabla Marekani haijaingia vitani. Waliochimba hawakuambiwa ni ya nini. Ukisimama mbele ya lile kuba la jengo lililonusurika bomu, lililobaki mifupa ya chuma, ambalo UNESCO ililiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1996, hutazami historia ya watu wengine tu.

Ndiyo maana nataka ulale pale. Jioni panda tramu, zilizoanza tena kutembea kwenye baadhi ya njia siku tatu tu baada ya bomu, nenda ukale okonomiyaki, aina ya chapati nene yenye tambi, inayopikwa mbele yako kwenye bamba la moto. Waangalie watu wakitoka kazini. Asubuhi chukua treni, badilisha Shin-Osaka, na ukipata ndege ya usiku utafika Kansai bila presha.

Kwa Waislamu, chakula kinahitaji mpango zaidi ya malazi. Supu ya rameni, ile ya tambi, mara nyingi ni ya mifupa au mafuta ya nguruwe, na hata samaki asiye na hatia anaweza kuwa amepikwa kwa pombe ya mchele. Anzia Tokyo Camii, karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, msikiti wa mtindo wa Kituruki uliosimama mahali ulipokuwa ule wa mwaka 1938. Una duka la vyakula halali. Ukiwa Osaka, Kobe si mbali, na msikiti wake wa mwaka 1935 ndio wa kwanza kujengwa Japani. Ulinusurika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995.

Viza sasa, na hapa ratiba fupi inakulipa. Ubalozi wa Japani unataka ratiba ya siku kwa siku, utalala wapi, utafanya nini, pamoja na taarifa ya benki. Ratiba ya miji saba ni mistari mingi ya kuulizwa maswali, na afisa anaona kama pesa iliyoko benki inabeba safari hiyo au haibebi. Ya miji minne inaeleweka kwa kuitazama mara moja. Usilipe tiketi ya ndege kabla viza haijatoka, shikilia nafasi tu. Ombi likikataliwa, unasubiri miezi sita kabla ya kuomba tena kwa dhumuni lilelile.

Na uende lini? Kila mtu anataka maua ya mwisho wa Machi, kwa hiyo mimi nasema Februari. Ni baridi, Tokyo mchana inacheza kwenye nyuzi kumi na usiku inashuka sana, nunua koti la mtumba kabla hujaondoka. Lakini vyumba vinapatikana, foleni ni fupi, na anga ni safi.

Anga safi ndiyo jibu langu kwa wanaouliza Fuji itakuwa wapi kwenye ratiba hii. Haipo. Ukikata tiketi ya kutoka Tokyo kwenda Nagoya chagua kiti E, dirisha la kulia, na baada ya kama dakika 45 mlima wote utakuwa mbele yako bila kulipa hata yen moja ya ziada. Kukiwa na mawingu, vumilia. Ule ni wa mita 3,776. Nyumbani upo wa mita 5,895, na wengi wetu tunaopanga safari hizi hata geti la Marangu hatujawahi kulifika.