Kalkuleta ya Ami

Ami aliposikia nimeingia uinjinia, aliniletea kutoka Muscat kalkuleta ya kuchora grafu. Mtaa mzima wa Langoni, hapa Lamu, ukajua. Kwa mama masomo yalikuwa yameshaisha, kilichobaki ni kubonyeza tu.

Na vekta, zile zenye ukubwa na mwelekeo, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hili dude. Darasani tuliambiwa tuzidishe vekta mbili tupate ya tatu, ile inayosimama wima juu ya zote mbili. Wenzangu wenye vikalkuleta vya dukani wakabonyeza modi, wakachagua vekta, wakamaliza wakaanza kupiga soga. Langu linachora parabola mpaka unatamani kulia, ila krosi, yaani kuzidisha huko, halijui hadi ukalifundishe kwa programu! Nikabaki nakunja vidole vya mkono wa kulia, gumba juu, kama mtu anayeomba lifti.

Halafu betri. Linakula nne, zile nyembamba, na rimoti ya mama inazijua zilipo. Kibetri cha akiba nacho kimekufa, kwa hiyo kila zikitolewa linaamka kwenye rediani, kipimo kingine cha pembe, si digrii. Unaliuliza sain ya digrii 30, jibu ni 0.5 tangu dunia iumbwe, lenyewe linakwambia hasi 0.988. Bila haya.

Juzi barazani nahodha mmoja akaniuliza swali la heshima. "Mwanangu, mashua yatoka jeti ya Manda, ya uwanja wa ndege, yaja mjini, magharibi, kilomita 4 kwa saa. Maji yajaa, mkondo wasukuma kaskazini kwa 3. Yaenda wapi?"

Nikaandika hasi 4 ya magharibi, chanya 3 ya kaskazini. Mwendo 5, safi. Pembe, kuanzia mashariki, nikaitafuta kwa tanjenti kinyume, ile inayogeuza uwiano kuwa pembe: digrii hasi 36.87.

"Ndiyo wapi huko?"

"Mashariki, ukielekea kusini."

Kikombe cha kahawa kikasimama hewani. "Yaani abiria warudi uwanja wa ndege?"

"Na ndege ishaondoka," akadakia mwingine.

Nenda kamweleze nahodha kwamba 3 kwa hasi 4 na hasi 3 kwa 4 ni uwiano mmoja, kwamba tanjenti kinyume haitoki nje ya hasi 90 na 90, na kwamba uongeze 180 upate 143.13. Sasa kama ni lazima nijue mwenyewe mashua iko upande gani ndipo niongeze 180, pesa ya ami imelipia nini? Ipo amri ya kugeuza kwenda pola, yaani kukupa mwendo na pembe kwa pamoja, nayo haikosei upande. Imefichwa ndani ya menyu. Nimeipata nahodha ameshalipa kahawa yake na kwenda zake.

Na mtihani? Kalkuleta zinazoandikwa programu haziruhusiwi.

Nimepata mteja wa kulinunua, kijana wa Shela. Swali lake moja tu: lina gemu ya nyoka? Nimemwambia imo. Usiku huu nakaa kuiandika.