Darasa jipya, mwalimu yuko shimoni

Jumapili iliyopita mutualite, yaani chama cha kusaidiana cha wana wa kijiji chetu wanaoishi Bukavu, ilikaa Kadutu, sebuleni kwa mzee mmoja, watu ishirini na kitu na viti kumi na viwili. Ajenda ilikuwa moja. Rafiki zetu wa Ubelgiji, wale waliotusaidia kujenga madarasa sita ya shule ya msingi huko juu, upande wa Walungu, wameandika kwamba wana fedha kidogo tena na wanauliza tunataka nini. Wengi wakajibu papo hapo: madarasa mawili zaidi na ofisi ya direkteri. Wachache tukasema: tuwalipe walimu. Hapo ndipo kelele zilipoanza, na kikao kikavunjika magharibi bila kura, kwa sababu watu wa Bagira walitaka kuwahi gari.

Katika kelele hizo kuna aliyesema kwamba wanaotaka fedha ziende kwa walimu ni watu wanaotafuta namna ya kuzila. Tofali linahesabika, mshahara hauhesabiki. Neno hilo limenikaa rohoni, ndiyo maana naandika.

Nilipanda kule mwezi wa kumi, siku ya mvua. Jengo ni zuri, sina la kuongeza. Matofali ya kuchoma, msingi wa mawe, manjanja, yaani mabati, ya bluu unayoyaona kabla hujavuka mto. Mawe hayo na mchanga havikuletwa na lori. Mama zetu walivipandisha mgongoni, kamba kwenye paji la uso, siku za salongo, kazi ya pamoja ya kijiji. (Kibao cha ukumbusho kipo ukutani, kina majina. Ya mama hao hayamo.) Mvua ilipoanza kupiga yale manjanja, na dari hakuna, hakuna aliyemsikia mwenzake tena. Direkteri alikuwa anaandika ubaoni katika darasa la nne. Alipomaliza mstari wa mwisho akatoka, akapita barazani mbiombio, akaingia la tatu, akafuta ubao, akaanza kuandika upya. Mfuko wa shati lake ulikuwa mweupe kwa chaki. Watoto wa la nne wakanakili kimya. Wa la tatu, waliokwisha kumsubiri sana, walikuwa wamepanda juu ya madawati.

"Mwalimu wa la tatu yuko wapi, direkteri?"

"Papa, amekwenda Mukungwe."

Mukungwe ni kwenye mashimo ya dhahabu. Nikamuuliza kama atarudi.

"Akipata, hatarudi. Asipopata, atarudi."

Kijana huyo ana D6 yake ya pedagojia, diploma ya sekondari, anajua kufundisha, na watoto walimpenda. Kosa lake ni kwamba ni N.U., nuveli unite: anafundisha katika shule inayotambuliwa na serikali, lakini jina lake haliko kwenye orodha ya malipo. Kati ya walimu sita wa shule yetu, watatu wako hivyo. Wenzao watatu wana matrikule, namba ya mtumishi wa serikali, na mshahara mdogo unaochelewa. Hao N.U. wana chaki tu.

Msomaji wa Kivu hahitaji kuambiwa gratwite ni nini. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 iliahidi shule ya msingi ya bure, na Septemba 2019 ahadi ikaanza kutekelezwa. Mimi siwezi kuisema vibaya. Nimeona wasichana waliokuwa wamekaa nyumbani miaka miwili wakirudi darasani na kaka zao. Ila kuna jambo moja ambalo mtu akilitaja anaonekana kama adui wa elimu ya bure, nami nitalitaja. Primi ya wazazi, ile pesa waliyokuwa wanawalipa walimu, iliyopigwa marufuku, ndiyo iliyokuwa inamlisha N.U. Mwenye matrikule alipunguziwa nyongeza, N.U. alinyang'anywa chakula chote. Mwezi uleule watoto wakaongezeka darasani. Yaani kazi yake ilikua siku ileile sufuria yake ilipokauka.

Kisha tukaja sisi na manjanja yetu ya bluu. Shule ilipopendeza, watoto wa vilima viwili vya jirani wakahamia kwetu, na wazazi wao wana haki: nani atamwacha mtoto kwenye nyasi zinazovuja wakati kuna jengo la matofali upande wa pili wa mto? Lakini tazama tulichofanya. Tulimpelekea watoto zaidi mtu tuliyekuwa hatumlipi. Sijawahi kusikia mfadhili, wala sisi wa mutualite, tukiliweka hilo kwenye ripoti. Ripoti inasema: idadi ya wanafunzi imeongezeka. Ni kweli imeongezeka, na mwalimu wa la tatu ameingia shimoni na koleo.

Na kila darasa unaloongeza linataka mtu wa kusimama mbele yake. Madarasa mawili mapya maana yake ni N.U. wawili wapya, kwa kuwa mtu mwenye matrikule hapandi kule kwa hiari. Hili si fumbo, lakini Jumapili kila nilipolisema nilijibiwa kwa bei ya saruji.

Sasa niwape wenzangu haki yao, maana hoja zao si za ovyo.

Iliyo nzito kuliko zote ilitoka kwa mzee aliyefundisha maisha yake yote. Alisimama, akasubiri tunyamaze, akasema: "Mwaka wa 1992 tuliwaambia wazazi primi ni ya miezi michache, mpaka serikali ipate nguvu. Mnakumbuka ilikaa miaka mingapi?" Miaka 27. Anachosema ni kwamba ukimlisha mtumishi wa mtu mwingine, yule mwenye mtumishi anasahau kumlipa. Kinshasa ikisikia kwamba walimu wa kilima fulani wanalipwa na Wabelgiji, kwa nini iharakishe majina yao?

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikwenda nalo nyumbani. Lakini nikilitazama vizuri naona lina shimo katikati: linadhani kuna mtu Kinshasa anayetazama nani ana njaa na nani ameshiba, kisha anaamua. Hayupo. Mekanizasio, yaani kuingizwa kwenye orodha ya malipo, haiendi kwa njaa wala kwa shibe. Inaenda kwa karatasi, na kwa mtu anayeifuatilia hiyo karatasi kutoka ofisi hadi ofisi. Mwisho wa 2020 wakaguzi wa fedha wa serikali, IGF, walikuta kwenye orodha za mishahara ya elimu shule zisizokuwepo na walimu wasiokuwepo. Mwaka huohuo Benki ya Dunia ilikuwa imeidhinisha dola milioni 800 kuisaidia gratwite. Basi fedha za kumlipa mwalimu hewa zilipatikana, na huyu wetu mwenye nyama na mifupa hakuonekana. Hata tungemwacha afe njaa ili serikali ione haya, haya hiyo isingefika mbali.

Tena, hiyo miaka 27 ya primi ambayo mzee anaitaja kama hasara, mimi ni matunda yake. Mama aliuza maharage soko la Muhanzi nisome. Serikali ililala, ni kweli, lakini shule haikulala nayo. Kama wazazi wangekataa kulipa wakisubiri serikali iamke, leo katika sebule ile ya Kadutu nusu yetu tusingeweza kusoma barua ya Wabelgiji.

Hoja ya pili ni kwamba mfadhili huchoka. Hii ni kweli tupu, na hatuhitaji mfano wa mbali: Januari 2025 Marekani ilifunga bomba la USAID, shirika lake la misaada, na huku kwetu miradi ikasimama katikati ya sentensi. Tofali, wanasema, likishapangwa limepangwa. Mfadhili akiondoka linabaki. Kwa kiasi. Mei 2023 kule Kalehe maji yalishuka mlimani yakaondoka na Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa, na kuta za matofali hazikubishana na mawe yale. Hata bila gharika, manjanja yasiyotunzwa upepo huyainua. Anayepandisha mtu juu ya paa kugonga msumari kabla ya mvua ni mwalimu anayejiona ana kesho pale. Jengo lisilo na mwalimu hugeuka zizi la mbuzi, nimeliona hilo kilima cha pili, na kibao chake bado kipo ukutani.

Kuna na ya tatu, ya wivu: ukimlipa N.U. na wewe si serikali, yule mwenye matrikule atasema na mimi je? Atasema, ndiyo. Mshahara wake haumtoshi, ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka wa masomo wa 2024 walimu wa Kivu ya Kusini waligoma wakidai dola 500. Na baada ya waasi wa M23 kuuchukua mji wa Bukavu, Februari 2025, mabenki yakafunga, na hata mwenye matrikule alijifunza kusubiri. Sina dawa ya wivu huu. Nadhani ni rahisi kuubeba kuliko darasa tupu.

Turudi kwenye hesabu, maana walisema mshahara hauhesabiki. Tuseme dola 60 kwa mwezi kwa kila N.U. Si mshahara wa mtu, ni kitu cha kumzuia asishike koleo. Walimu watatu, miezi 10 ya masomo: dola 1,800 kwa mwaka. Miaka mitatu, dola 5,400. Fundi aliyetupigia bei ya madarasa mawili na ofisi alitaja zaidi ya mara tatu ya hiyo, na bado hajaweka gharama ya kupandisha saruji kutoka barabarani, ambako gari linaishia na mgongo unaanza. Siku ya kukata utepe wa yale madarasa sita walikuja wageni watatu kutoka Ulaya, wakafikia Kigali kwa ndege, wakapita Rusizi, wakala mbuzi wetu, wakalia machozi ya furaha na sisi tukalia. Niliwapenda, na nawapenda bado. Ila tikiti zao tatu zinaukaribia mwaka mzima wa walimu watatu, na hakuna aliyewaita watu wa kula pesa.

Kuhusu kuliwa: hapo nakubali tuwe wakali, wala sitetei mtu. Shule yetu inasimamiwa na kanisa kwa mkataba wa 1977 kati ya serikali na makanisa, mshahara ni wa serikali, mawe na mchanga ni vya wazazi. Fedha ikipita katikati ya pande tatu hizo inaweza kupotea bila mwizi. Ndiyo maana nilipendekeza iende moja kwa moja kwenye simu ya mwalimu, kila mwisho wa mwezi, baada ya komite ya wazazi kutuma picha ya daftari la mahudhurio. Mama mmoja wa komite, ambaye hajui kusoma, alikwisha kuniambia kwamba hahitaji daftari: mtoto wake akirudi kabla ya jua kuwa kichwani, mwalimu hakuwepo. Daftari litakuwepo hata hivyo, lakini yeye ndiye nitakayempigia.

Na iwe miaka mitatu, imeandikwa, si "tutaona". Majina matatu yapelekwe kwenye divisheni ndogo ya elimu mwezi uleule tunaoanza kulipa, na mutualite, sisi tulio mjini tunaojua milango ya ofisi, tuyafuatilie. Atakayepata matrikule kwetu anatoka. Mzee wangu wa 1992 nilimwambia hivi pembeni, baada ya kikao, na hakukubali. Aliniuliza kama mwaka wa nne nitakuwa na ujasiri wa kusema basi, mbele ya walimu ambao hawajaandikwa bado. Nilimwambia sijui. Akacheka, akaniomba nimsindikize mpaka barabarani kwa sababu kulikuwa na matope.

Tunakutana tena Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Mhasibu amekwisha kuandika barua mbili za kwenda Ubelgiji, moja ya madarasa, moja ya walimu, anangoja aambiwe atume ipi. Juzi direkteri alinipigia simu. Hakuwa na habari ya kikao wala ya barua. Alitaka kujua kama namfahamu kijana yeyote wa mjini mwenye D6 anayeweza kupanda ashike la tatu mpaka Pasaka.

"Utamlipa nini?" nikamuuliza.

"Chumba kipo, papa," akasema. "Na kuna kashamba kadogo nyuma ya choo."