Nani Anamgeuza Mzee Usiku?

Ukitaka kuona kikao cha familia kikivunjika kule Vihiga au Siaya, pendekeza mama atafutiwe mlezi wa kulipwa. Kaka mkubwa, anayeishi Nairobi na kufika nyumbani Desemba, atasema sisi si Wazungu. Shangazi atauliza mama alizaa watoto saba wa nini. Atakayenyamaza ni mke wa kitinda mimba. Yeye ndiye aliyeamka saa tisa usiku kumbadilishia mama mkwe shuka, na leo ataamka tena.

Kimya chake ndicho kinachonifanya niamini kwamba mjadala huu tunauanzia pasipofaa. Tunabishana kama wajibu wa mtoto kwa mzazi unaweza kulipiwa, ilhali ni nadra kazi yenyewe kufanywa na mtoto anayetajwa. Wajibu umekuwa wa wana. Kazi imekuwa ya wake zao, ya binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, au ya mjukuu aliyekosa karo akabaki kwa nyanya yake. Kwa hiyo swali langu ni dogo zaidi: huyo anayeifanya kazi akilipwa, mzazi anapoteza nini?

Wanaopinga wanasema anapoteza mengi, na si watu wa kupuuzwa. Mzee aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau hupoteza ya juzi kwanza, ya zamani baadaye. Kiswahili alichokizoea kazini kwenye reli Nakuru kinaweza kumtoka, akabaki na Kinyore cha utotoni. Msichana aliyeletwa na ofisi ya ajira kutoka Machakos ataelewaje anapoombwa maji kwa Kinyore, au mzee anapoita jina la ndugu aliyekufa zamani? Jamaa ataelewa, hata kama hana subira. Zaidi ya lugha kuna mambo yasiyoandikwa popote: kwamba mama huyu hali chochote kabla ya kusali, kwamba hapendi kushikwa kichwa, kwamba ukimwambia "nimechoka" atakataa chakula siku nzima kwa aibu ya kuwa mzigo. Halafu wanataja wizi, makofi, na wazee wanaoachwa kwenye kinyesi mpaka mtoto apige simu ya video. Hayo hutokea.

Ila hutokea pia mikononi mwa jamaa, nyuma ya milango ambayo hakuna anayetoka nje kuripoti. Wala kijiji hakina kinga. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Waliishi na kuzeeka hapohapo, katikati ya watu waliowajua. Kujuana kunasaidia, lakini hakumlindi mzee peke yake.

Kuna picha nyingine inayoharibu mazungumzo. Wengi wakisikia malipo, wanaona nyumba ya wazee. Nakuru tunayo Alms House, na kila mara inapotajwa watu hutikisa kichwa kwa huzuni. Lakini makao ya namna hiyo ni ya hisani, na mara nyingi wanaofikia huko ni wale ambao hakuna ndugu aliyewachukua. Mlezi anayekuja asubuhi nyumbani kwa mzee, akamwogesha, akamfanyisha mazoezi ya mkono uliopooza na kuondoka jioni ni jambo tofauti kabisa. Mzee hahami, na boma lake linabaki kuwa boma lake.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata uangalizi na msaada wa kiasi kutoka kwa familia yake na Serikali. Familia imetajwa kwanza, na wanaopinga malipo hupenda kuishia hapo. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Sehemu ya Serikali katika kifungu hicho, kwa mzee wa kawaida wa mtaa kama Nyalenda au Kaptembwo, ni shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa Inua Jamii, tena akiwa amefikisha miaka 70 na kusajiliwa. Pakiti moja ya pampasi za watu wazima, za vipande kumi, hukaribia nusu ya pesa hizo. Mzee asiyeweza kuinuka huhitaji tatu au nne kwa siku. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 nayo iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani katika majiji kama Nairobi na Kisumu kuwa juu kidogo ya shilingi 16,100 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe.

Hesabu hiyo inapunguza ukali wa ubishi. Kwa familia nyingi, mlezi wa kulipwa hayumo kwenye orodha ya mambo yanayowezekana, na kumwambia mama mboga wa Kondele kwamba anachagua kati ya wajibu na malipo ni kumcheka. Wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 waliopewa vifaa na Serikali mwaka 2023, hupita nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari. Wanasaidia. Lakini wana nyumba nyingi za kufikia, na hakuna anayetarajia wamwogeshe mtu kila asubuhi.

Nirudi kwenye mila, kwa sababu ndiyo hutajwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Miongoni mwa Waluo na Waluhya, kati ya mkwe na mkwe kuna umbali unaoheshimiwa. Mke wa mtoto hatarajiwi kumwona baba mkwe bila nguo, wala kugusa matandiko yake. Mama naye huona taabu kulala chini ya paa la mume wa binti yake, ndiyo maana binti aliyeolewa Nakuru, mwenye nyumba nzuri na nafasi ya kutosha, hawezi tu kumchukua mama na kumaliza shida. Mila ilipanga vyema kwa wakati ambao boma lilikuwa na wana watano, wajukuu wa kiume na wazee wa rika la baba waliokaa karibu. Mmoja wao angemshika mzee.

Sasa fikiria boma la leo kule Sabatia. Kijana mmoja yuko Eldoret, mwingine Qatar, wa tatu alifariki. Baba, aliyekuwa mwalimu mkuu, amepigwa na kiharusi. Aliyepo ni mkaza mwana mmoja na watoto wa shule. Wale wanaosema mlezi wa kulipwa ni aibu wanamwomba mwanamke huyu afanye kile ambacho mila yao wenyewe inakikataza, na kila asubuhi anakifanya huku akiangalia pembeni, naye mzee amefumba macho. Kijana wa kiume aliyesomea ulezi, asiye na undugu wowote na boma hilo, angewaokoa wote wawili. Kwa mtazamo wangu hapo hakuna mgongano kabisa kati ya mila na mshahara. Mgeni wa kulipwa anafaa kwa sababu ni mgeni.

Na hebu tuangalie pesa zinavyotembea. Nakuru, Eldoret na Kisumu kuna vyuo vinavyotoa kozi ya ulezi ya miezi michache, na vijana wengi wamejiunga wakiwa na macho ng'ambo. Kenya ilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya na Uingereza mwaka 2021, na mwingine wa ajira na Ujerumani Septemba 2024. Binti wa Malava anamgeuza bibi mmoja wa Leeds kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, kisha anatuma pesa kwa simu ili binamu yake amgeuze mama yake mzazi. Kanisani husifiwa kuwa mtoto mwema, na ni mwema. Lakini huko ni kulipia ulezi, mara mbili kwa siku moja. Tunachokikataa ni pesa hiyo ikibadilisha mikono mbele ya macho yetu.

Julai 2025 Uingereza ilifunga mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje. Waliokuwa wakisubiri safari wako hapa na vyeti vyao. Wanajua kumwinua mtu kitandani bila kumuumiza mgongo, kumlisha aliyepooza upande mmoja asipaliwe, kutambua ngozi inayoanza kuchubuka. Elimu hiyo ililipiwa na wazazi wetu kwa kuuza ng'ombe, na ingekuwa ajabu kama wao ndio wangekuwa wa mwisho kuifaidi.

Mambo hubadilika mzazi anapokuwa anakufa. Hapo ndipo ninapowapa wapinzani wa malipo haki yao kubwa zaidi.

Chukua saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ambayo huonekana sana magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakati hawawezi tena kumeza uji. Kisumu na Nakuru kuna hospisi, vituo vya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, na wahudumu wake huifundisha familia jinsi ya kumtunza mgonjwa nyumbani: mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa kila baada ya saa nne, haisubiri maumivu yarudi. Kwenye dozi hiyo ya usiku, mtu aliyefundishwa ni bora kuliko mtoto mwenye machozi. Nimesikia majirani wakisema mofini ndiyo inayoua, na familia ikaficha chupa kabatini huku mzee akilia. Mlezi mwenye ujuzi haogopi chupa.

Lakini mlezi hawezi kusema "basi, turudi nyumbani". Kuna siku ambapo familia iliyotoka hospitali ya kaunti hadi ile kubwa ya rufaa Kisumu, tunayoiita Russia, kisha Eldoret, lazima iamue kama itauza kipande kingine cha shamba kwa matibabu ambayo daktari mwenyewe hayataji kwa matumaini. Uamuzi huo ni wa watoto. Vilevile maneno ya mwisho. Kwetu, anachosema baba kuhusu mpaka wa shamba, deni la zamani, au mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huweza kuzuia kesi ya miaka kumi. Maneno hayo yakisikiwa na mtu wa mshahara peke yake, hayatakuwa na uzito kwenye kikao. Watoto wanaotuma pesa ya mlezi na kudhani wamemaliza watakuja kugombana kaburini juu ya kile ambacho hakuna aliyekuwepo kukisikia.

Na kaburi tunalijua. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, na hakuzikwa kwao Nyalgunga, Siaya, mpaka Mei 1987, baada ya mjane wake Wambui na ukoo wa mumewe kupelekana hadi Mahakama ya Rufani. Nchi nzima ilifuatilia. Nani amzike mtu ni jambo ambalo mila na mahakama zina mengi ya kusema. Nani amlishe kabla hajafa, kimya. Nadhani ndiyo maana harambee ya mazishi hujaa kwa siku tatu na ile ya kitanda cha mgonjwa haifiki popote, jambo ambalo sote tunalilalamikia kisha tunalirudia.

Kama familia imekataa mlezi wa nje, basi anayefanya kazi hiyo ndani ya boma ahesabiwe. Binti aliyeacha biashara yake Gikomba akarudi Butere kumtunza mama kwa miaka kadhaa mara nyingi huambiwa, mama akishazikwa, arudi alikoolewa. Sheria ya Urithi haimbagui, na mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ikiwa Eldoret, katika kesi ya Rono, iliamua kwamba mabinti hawawezi kunyimwa ardhi ya baba kwa sababu tu wataolewa. Hata hivyo ni wachache wenye nguvu za kupeleka ndugu zao kortini wakiwa bado wamevaa nguo za matanga. Afadhali ndugu wakubaliane mapema, mzee akiwa hai: fulani atakaa na mama, wengine watamtumia kiasi fulani kila mwezi, kwa jina lake, si "pesa ya mama" inayoishia kwenye sukari na dawa huku yeye akikopa nauli.

Kwa wanaoajiri, Sheria ya Ajira ya 2007 inamhusu mlezi kama mfanyakazi mwingine yeyote. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inataka mkataba wa maandishi. Kila siku saba ana siku moja ya kupumzika, na siku hiyo mtoto mmojawapo wa mzee achukue zamu mwenyewe, tena aogeshe. Atajifunza mengi kuhusu hali ya mzazi wake ambayo simu ya video haimwonyeshi.

Jambo la mwisho husahauliwa karibu kila mahali. Siku mzee anapokata roho, mlezi hupoteza kazi saa hiyohiyo. Asubuhi anaonekana jikoni akipikia waombolezaji, kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya, na hakuna anayejua aulizwe nani kuhusu mshahara wake. Bajeti ya kamati ya mazishi huwa na mistari ya hema, ng'ombe, gari la maiti na spika. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo yake. Aliyemwajiri ni mtoto, si marehemu, kwa hiyo deni halizikwi, na mweka hazina wa kamati aliandike juu ya mstari wa ng'ombe.