Je, Bangi Inafanya Kazi Kama Dawa ya Sonona?

Siku hizi wapo wanaoitetea bangi kwa hoja ya kisayansi: inaongeza serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, kama zinavyofanya dawa za sonona, kwa hiyo anayeivuta anajitibu. Hoja hii si ya kutupa. Ila ukiifuata hadi kwenye vipimo inapungua nguvu, na njiani unakutana na jambo zito zaidi ambalo watetezi na wapinzani hawalisemi vya kutosha.

Seli ya neva ikishatoa serotonini, protini iliyo kwenye utando wake huirudisha ndani. Hiyo ndiyo kisafirishaji cha serotonini. Dawa za sonona kama fluoxetine, sertraline na citalopram huiziba, serotonini ikabaki nje kwa muda mrefu zaidi. Protini hiyohiyo ipo kwenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Chembe sahani hazitengenezi serotonini. Huifyonza kutoka kwenye damu, na nyingi ya hiyo hutoka kwenye utumbo. Kwa hiyo mtafiti asiyeweza kuugusa ubongo wa mtu aliye hai huchukua damu mkononi, akazitenga chembe sahani na kupima jinsi zinavyofyonza.

Upande wa watetezi una ushahidi. Mwaka 1975, Raphael Mechoulam, ambaye pamoja na Yechiel Gaoni alikuwa ameitenga THC, kemikali ya bangi inayolevya, mwaka 1964, alishiriki utafiti ulioonyesha kuwa kemikali za bangi hubadili ufyonzaji wa serotonini kwenye ncha za neva za panya. Mwaka 2004 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, waliona ufyonzaji ukipungua bila hata vipokezi vya CB1, yaani protini za seli ambazo THC hujishikiza kwazo, kuhusika. Walielekeza kidole kwenye pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo ndiyo humpa kisafirishaji nguvu ya kufanya kazi. Mwaka 2007 watafiti wa Prague walifika kwenye chembe sahani za binadamu, na humo pia kemikali hizo zilipunguza ufyonzaji zilipokuwa nyingi.

Zilipokuwa nyingi: hapo ndipo ninaposita. Citalopram huziba kisafirishaji kwa kiwango cha nanomolari (kipimo cha wingi wa kemikali kwenye kimiminika) chache tu. Kemikali za bangi huhitaji maikromolari (kila moja ni nanomolari 1,000) kadhaa na zaidi, yaani mara elfu na kuendelea. Mtu akivuta msokoto mmoja, THC kwenye damu hupanda hadi nanogramu 100 au 200 hivi kwa mililita, ambazo hazifiki hata maikromolari 1, kisha hushuka haraka. Tena karibu yote huwa imeshikwa na protini za damu. Mtetezi atajibu kuwa THC hupenda mafuta na hujikusanya kwenye utando wa seli, hasa kwa mvutaji wa kila siku. Ni jibu la haki, lakini halitoshi kuifanya bangi iwe ndugu wa fluoxetine.

Njia yenye uzito zaidi ni kipokezi cha CB1. Mwaka 2007 kundi la Gabriella Gobbi wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, liliwapa panya kemikali ya maabara inayoamsha CB1. Kwa dozi ndogo neva za serotonini zilichangamka. Dozi ilipopanda, faida ile ikayeyuka. Kwa binadamu tuna somo la rimonabant, dawa ya kupunguza unene iliyoziba CB1. Iliidhinishwa Ulaya mwaka 2006, na mwaka 2008 ikaondolewa sokoni kwa sababu ya sonona na mawazo ya kujiua. Kwamba mfumo huu unagusa hisia, hilo halina ubishi. Lakini anayevuta bangi ya mtaani hana namna ya kujua yuko upande gani wa ile dozi.

Linalonitia wasiwasi hasa ni ini. CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, ambayo inauzwa kama mafuta ya kutuliza katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani wanakoishi ndugu zetu wengi, huzuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2C19, kinachovunjavunja citalopram. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliona kiwango cha citalopram kwenye damu kikipanda kwa watu waliopewa vyote viwili. Ikizidi, dawa hiyo huvuruga mwendo wa umeme wa moyo. Kwa sababu hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani inataka anayetumia kitu chochote kinachozuia kimeng'enya hicho asizidishe miligramu 20 za citalopram kwa siku. Mgonjwa anayemficha daktari kuwa anatumia mafuta hayo anaweza kuandikiwa hadi 40, ikiwa bado hajatimiza miaka 60.