Chupa za binti yangu na ndoo zetu za adhabu

Jumamosi asubuhi, hata chai sijanywa, binti yangu wa miaka minane kanisimamia mlangoni na mfuko wa chupa tupu. Moja nilikuwa nimeitupa kwenye pipa la jikoni. Kaitoa humo, kaniangalia kama mgambo aliyemfuma mtu akimwaga taka mtaroni: "Baba, hii ni hela!"

Huku Ujerumani chupa ya plastiki ya maji au soda unailipia senti 25 juu ya bei, na unarudishiwa ukiipeleka dukani. Mashine inaimeza, inatoa risiti, mtoto anakimbia nayo kwa keshia. Chupa kumi, yuro mbili na nusu. Siku nzima hatukupumua kwa hadithi ya hizo yuro.

Nasikia mnavyoguna: "Kaenda juzi tu Ulaya, leo anatufundisha usafi." Tulieni. Mimi ni wa enzi za soda ya kioo: huna chupa ya kubadilisha, unainywea pale pale dukani umesimama, au unaacha hela ya chupa. Wajerumani waliweka utaratibu huu kwa chupa za kutupa mwaka 2003. Na mifuko ya plastiki? Sisi Tanzania tuliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, wao madukani mpaka Januari 2022. Hilo nimemweleza kila mzazi niliyekaa naye kwenye kikao cha shule, hata ambaye hakuuliza.

Sheria tunazo, basi. Kinachonikera ni ndoo.

Shuleni kwetu, umechelewa namba ya asubuhi, mwagilia maua. Umepiga kelele darasani, fagia uwanja. Umetoroka, chimba kisiki. Mkorofi sugu alisugulishwa na vyoo. Kila kazi ya kuitunza ardhi tuliipokea kama hukumu, tena na fimbo juu. Halafu tunashangaa mtu mzima na tai yake anafungua dirisha la daladala na kurusha chupa barabarani. Huyo si kwamba hakufundishwa. Amemaliza kifungo chake!

Shuleni kwa binti yangu kuna kibustani cha karoti na figili. Kumwagilia ni zamu, na zamu inagombewa. Ukileta ukorofi hupewi mpira wa maji, unanyang'anywa. Yule mtoto aliyekuwa akinisusia mboga za majani mezani, sasa anakula figili mbichi kwa sababu kaipanda mwenyewe.

"Fimbo hiyo hiyo ndiyo iliyokufikisha huko." Nalijua jibu hilo, mjomba wangu hulitoa kila nikipiga simu. Sawa, shikamoo mjomba. Mwingine atasema huku kuna bomba, sisi tulibeba madumu kutoka mtoni. Huyo ana hoja na sina la kumjibu. Wala Wazungu si malaika. Nchi hii inayomfundisha mwanangu kutenganisha taka ingali inachoma makaa ya mawe kupata umeme. Lakini mimi siongelei serikali, naongelea mtoto na ndoo.

Julai iliyopita nilimpeleka kuiona shule yangu ya msingi, Morogoro. Kuna mwarobaini pale niliokuwa nikiumwagilia muhula mzima kwa kosa la kuchelewa. Leo kivuli chake kinatosha darasa zima, na nilimwonyesha kwa majigambo, utadhani niliupanda kwa hiari yangu. Pembeni walikuwepo wachelewaji watano na ndoo zao, wanamwagilia miche mipya, nyuso wamezikunja.

Binti yangu akaomba ndoo. Mwalimu wa zamu akacheka: "Na huyu naye kachelewa?"

Nikamweleza mtoto utaratibu wa pale ulivyo. Akawaza kidogo. Kesho yake akataka turudi, na akasisitiza tuchelewe.